KITI CHA MENO NA CHANJO YA BINTI: NANI ATOE, NANI ALIPE?

(Maneno ya mgeni mwalikwa, tabibu wa kinywa na meno, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote napenda kuwapongeza. Miaka kumi siyo mchezo. Vikundi vingi huanza kwa shangwe, mwaka wa pili watu wanagombana juu ya mgao, mwaka wa tatu sanduku linabaki kuwekea nguo. Ninyi mmefika kumi. Mmekopeshana, mmelipana, mmezikana na mmeuguzana. Hongereni sana.

Nilipoalikwa kuzungumza, wengi walidhani nitazungumzia mswaki. Mswaki nitausema, msiwe na wasiwasi. Lakini leo nimekuja na jambo jingine, nalo ni chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ile ya virusi vya HPV. Najua sasa hivi kuna mama anamnong'oneza mwenzake: "Huyu wa meno na mlango wa kizazi, wapi na wapi?" Swali hilo ni zuri, na ndilo nitakaloanza nalo.

KWA NINI MTU WA MENO ANASEMA HAYA

Virusi vya HPV viko vya aina nyingi, zaidi ya mia moja. Vingi havina neno, vinakuja na kuondoka kama mafua. Lakini viko viwili wakorofi, namba 16 na namba 18. Hivi viwili peke yake husababisha kama asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Aliyegundua uhusiano huo ni Harald zur Hausen wa Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sasa, huyu namba 16 hakai chini tu. Anakaa pia kinywani, nyuma kabisa ya ulimi na kwenye tezi za koo. Akikaa miaka mingi anaweza kuleta saratani ya koo, kwa wanawake na kwa wanaume. Huko Marekani, kama asilimia 70 ya saratani za sehemu hiyo ya koo zinahusishwa na HPV. Huku kwetu tumbaku na pombe kali bado ni maadui wakubwa wa kinywa, na wale wanaoweka ugoro mdomoni wanisikie vizuri. Lakini kirusi ni kile kile, hakina pasipoti.

Kwa hiyo, mama zangu, mtu wa meno ndiye anayefungua mdomo wa mtu na kuangalia ndani. Ukiwa na kidonda mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, au uvimbe shingoni usioondoka, au sauti iliyokauka muda mrefu bila mafua, usinunue dawa ya kusukutua ukakaa nyumbani. Njoo tuangalie.

WENZETU WALIVYOFANYA, NA WALIPOKWAMA

Kwa sababu hiyo hiyo, wenzetu wa Marekani walijiuliza: kama daktari wa meno anawaona watoto mara kwa mara, kwa nini asiwachanje hapo hapo kwenye kiti? Mwaka 2018 chama cha madaktari wa meno cha huko kiliwahimiza wanachama wake waisemee chanjo ya HPV kwa wagonjwa wao. Mwaka 2019 jimbo la Oregon likawa la kwanza kupitisha sheria inayowaruhusu madaktari wa meno kutoa chanjo, hii ya HPV ikiwamo.

Mtasema, basi mambo yamekwisha. Hayakwisha, jamani. Tatizo lilikuja kwenye ankara. Huko bima ya meno ni kitu kimoja na bima ya mwili ni kitu kingine. Daktari wa meno akichoma sindano, bima ya meno inaweza kusema, "Hiyo siyo jino." Na bima ya mwili inaweza kusema, "Wewe hatukujui." Tangu mwaka 2023 wameweka namba maalumu za kuandika chanjo hiyo kwenye hati za madai ya meno, lakini kuwa na namba ya kudai siyo sawa na kulipwa. Tena kuna friji ya chanjo, ambayo lazima ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 usiku na mchana. Kuna daftari la kumbukumbu. Kuna dawa za dharura, ikiwa mtoto ataipata ile mizio ya ghafla, ambayo ni nadra lakini lazima ujiandae. Na kuna zile dakika 15 za kumkalisha mtoto umwangalie.

Nimewasimulia haya siyo kuwacheka. Nataka muone kwamba kutoa chanjo ni jambo moja, na nani analipa ni jambo la pili. Ninyi mnaotunza fedha mnalielewa hilo kuliko mimi. Mradi mzuri unaweza kufa kwa sababu hakuna aliyeuliza, "Nauli ya kwenda kuchukua mzigo inatoka wapi?"

KWETU HAPA IKOJE

Kwetu Tanzania, chumba cha meno hakitoi chanjo ya HPV. Inatolewa kliniki ya mama na mtoto, katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, na wahudumu huifuata shuleni pia. Chumbani kwangu hamna friji ya chanjo.

Kanda yetu hii ya Ziwa ina historia katika jambo hili, na tujivunie. Kuanzia mwaka 2010 majaribio ya kuitoa chanjo hii mashuleni yalifanyika Mwanza. Halafu mkoa wa Kilimanjaro ukatangulia kwa mpango wa mfano mwaka 2014. Aprili 2018 chanjo ilizinduliwa kwa nchi nzima, jijini Dar es Salaam, na Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Walioanza kupewa walikuwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita.

Dozi mbili zilikuwa na taabu yake. Binti anapata ya kwanza, akija muda wa ya pili ameshahama shule, au ameolewa, au yuko kwa shangazi Sirari. Hapo ndipo utafiti uliofanyika Mwanza ulipotusaidia. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi: wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kwamba kinga inayotokana na dozi moja inadumu vizuri. Majirani zetu Kenya nao walifanya utafiti wao, pamoja na Kisumu hapo ng'ambo, kwa wasichana na wanawake vijana 2,275, wakaona dozi moja inakinga sana. Mwaka huo huo wa 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Na Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa kampeni kubwa ya wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Yaani mabinti wa Mwanza, watoto wa wakulima na wavuvi kama sisi, wamesaidia dunia nzima kujua jambo hili. Halafu binti wa Nyamongo au wa Natta akose? Hapana.

Angalizo moja: binti anayeishi na VVU anaweza kuhitaji zaidi ya dozi moja. Huyo afuate maelekezo ya kliniki yake.

ANKARA NI SHILINGI NGAPI?

Sasa nafika kwenye fedha, na naona mama Mweka Hazina amekaa sawa.

Chanjo hii kwa binti wa umri uliolengwa ni BURE. Narudia: bure. Haina ankara, haina kadi ya bima, haina "hela ya sindano", haina "hela ya daftari". Siyo kwamba haina gharama. Serikali inachangia, na shirika la kimataifa la Gavi linasaidia kununua. Kwa hiyo imeshalipiwa kabla haijafika kwenye boksi la baridi. Mtu akikudai fedha kwa chanjo ya mpango wa Taifa, anakuuzia mali ambayo siyo yake. Usigombane naye mlangoni. Uliza kwa upole: "Naomba stakabadhi." Kisha nenda kwa mganga mfawidhi, au kwa mtendaji wa kijiji, ukaeleze.

Iko tofauti moja. Mtu aliye nje ya umri uliolengwa, kwa mfano mwanamke wa miaka 22, akiitaka chanjo kwenye hospitali binafsi yenye kibali, huyo anaweza kutozwa. Aulize bei kabla ya kukunja mkono wa gauni, na adai stakabadhi.

Lakini, mama zangu, iko ankara nyingine ambayo haiandikwi popote. Nauli ya pikipiki. Siku ya gulio iliyopotea. Ng'ombe wasiokuwa na wa kuwachunga kwa sababu binti amepelekwa kliniki. Hiyo ndiyo ankara inayowafanya mabinti wetu wakose, hasa wale wasio shuleni. Aliye darasani, wahudumu wanamfuata. Aliyeacha shule, anayeuza mihogo stendi, aliyeko machimboni, aliyeozwa mapema, huyo nani anamfuata?

Kwa upande wa pili, pigeni hesabu ya kutokukinga. Nchini mwetu saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuua wanawake kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa makadirio, kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 huipata na zaidi ya 6,000 hufa. Mgonjwa wa kutoka kwetu huanzia hospitali ya wilaya, akapelekwa Musoma, kisha Bugando kule Mwanza, na wengine Ocean Road, Dar es Salaam. Kila safari ina msindikizaji, chakula na mahali pa kulala. Ng'ombe wanatoka zizini mmoja mmoja. Mkopo wa kikundi unaacha kulipwa, na nani ana moyo wa kumdai mgonjwa? Mwisho sanduku lenyewe linatoa rambirambi. Nyote mnaifahamu hesabu hiyo.

UVUMI

Tuseme ukweli, wapo wanaosema chanjo hii inafunga uzazi. Baba mmoja aliniambia, "Binti yangu nimemlea kwa ajili ya kuzaa, siyo kuharibiwa." Sikumkasirikia. Anampenda mtoto wake. Nilimjibu hivi, nanyi mjibu hivi:

Kwanza, ndani ya chanjo hii hamna kirusi kizima, hamna hata mbegu yake. Ni ganda la nje tu, tena limetengenezwa kiwandani. Ni kama kumwonyesha mbwa mlinzi kofia ya mwizi, ili siku mwizi akija mbwa amtambue. Hamna dawa ya uzazi wa mpango ndani yake.

Pili, Rwanda, hapo jirani, ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011. Uingereza ilianza mwaka 2008. Wasichana wale leo ni watu wazima. Utafiti wa England uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 saratani hii ilipungua kwao kwa asilimia 87. Scotland, mwaka 2024, walieleza kwamba miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu katika umri huo hawakuona hata mmoja aliyepata saratani hii iliyosambaa.

Tatu, kama mnatafuta kinachoharibu uzazi, ni saratani yenyewe. Kizazi kikitolewa kwa saratani, hakirudi.

Mimi huku kwenye meno nimezoea uvumi. Mnakumbuka mambo ya "meno ya nailoni"? Mtoto mchanga ana homa na anaharisha, anapelekwa kwa mtu akamkwangua ufizi kwa kitu kisichosafishwa, akatolewa chipukizi la jino lake mwenyewe. Wengine walitokwa damu nyingi, wengine wakapata vijidudu. Homa ilikuwa malaria au maji machafu. Uvumi haulipi gharama zake, anayelipa ni mtoto.

JAMBO ZITO LA KWETU

Ndugu Mwenyekiti, naomba niruhusiwe kusema na hili, kwa heshima ya wazee waliopo.

Chanjo hii hufanya kazi vizuri zaidi kabla binti hajaanza kukutana na mwanamume. Ndiyo maana ni miaka 9 hadi 14. Sasa sisi huku tunajua Desemba ni nini, hasa mwaka wa msimu ukifika. Binti anakeketwa, ngoma inapigwa, watu wanasema amekua, na muda si mrefu ng'ombe wanahesabiwa. Binti wa miaka 13 anakuwa mke. Ule mlango mdogo wa kumkinga unafungwa na sisi wenyewe.

Ukeketaji haukingi saratani hii hata kidogo. Na sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana ilikwisha kukataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Sitaki kumhukumu mtu leo. Nasema tu: mama anayesema "binti yangu kwanza chanjo, kwanza shule" anampa mtoto miaka.

TUFANYE NINI

Nisiwachoshe. Nina mapendekezo matano, myajadili katika kikao chenu, mkubali au mkatae.

1. Kila mwanachama aandike kwenye daftari mabinti wa miaka 9 hadi 14 walioko nyumbani kwake, wa kuzaa na wa kulea, pamoja na mfanyakazi wa ndani. Huyo msichana wa kazi naye ni mtoto wa mtu.

2. Kadi ya chanjo itunzwe kama kitabu cha hisa. Wenye watoto wanaosoma ng'ambo ya Sirari, upande wa Isebania, waihifadhi zaidi. Kenya nayo inatoa chanjo hii tangu mwaka 2019, na bila kadi hakuna atakayejua mtoto kapata wapi.

3. Mfuko wa jamii usaidie nauli. Natoa mfano tu: wanachama 25, kila mmoja akiongeza shilingi 500 kwa wiki, ni shilingi 12,500. Kwa wiki 52 ni shilingi 650,000. Fedha hiyo inapeleka mabinti wengi kliniki, na mama zao kupimwa.

4. Ninyi akina mama wenyewe mkapimwe. Chanjo ni ya mabinti, kipimo ni chetu. Muuguzi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Ni dakika chache. Kikionekana kidonda cha mwanzo kinatibiwa kabla hakijawa saratani. Mwenye miaka 30 na kuendelea asikose. Anayeishi na VVU aanze mapema, kwa sababu hatari kwake ni kama mara sita. Na ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya, usingoje tangazo.

5. Hili ni letu sisi watu wa meno. Nimeanza nalo chumbani kwangu, na nawaomba wenzangu walifuate. Binti wa umri huo akikaa kwenye kiti, baada ya kumtazama meno namwuliza mama yake: "Ameshachanjwa ile ya HPV?" Kama bado, namwandikia kikaratasi aende kliniki ya mama na mtoto. Mara nyingi ni jengo la pili tu, na kwa swali hilo sina ankara ya kumwandikia mtu. Siwezi kumchoma sindano, lakini kuuliza naweza. Nanyi mnaweza. Muuza vitenge anaweza, mwalimu wa dini anaweza, msusi ndiyo kabisa, maana anamshika mtu kichwa saa tatu nzima.

Duniani nchi zimekubaliana, tangu mwaka 2020, kwamba ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wawe wamepimwa, na 90 kati ya 100 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Hayo ni maneno ya Geneva. Tarime na Serengeti yatatimia kwa madaftari kama hili lenu.

Akina baba, hamkuachwa. Mkeo akiomba nauli ya kwenda kupimwa, mpe, na ikiwezekana msindikize. Huo nao ni uanaume.

Na mswaki, nilisema nitausema: mara mbili kwa siku, na kabla ya kulala usisahau.

Kinga ni bora kuliko tiba, na ninyi mnaoweka akiba mnalijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu akiba ni kinga. Nawatakieni mgao mwema na miaka kumi mingine yenye mabinti wazima.